Steroidi au dekstrozi kwa ganzi ya mkono?

Fundi cherehani wa soko la Owino, Kampala, anayeamshwa usiku na ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, huenda neva yake (mshipa wa fahamu) imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Sindano ya steroidi hutuliza uvimbe upesi, ila nafuu mara nyingi huisha baada ya miezi michache. Mwenye kisukari awe macho: sukari yaweza kupanda kwa siku kadhaa.

Sindano ya dekstrozi ya asilimia 5, yaani maji yenye sukari kidogo, huitenganisha neva na tishu zinazoikaba. Nafuu huja taratibu, na sindano huongozwa kwa ultrasaundi, mashine inayoonyesha picha ya ndani ya mwili. Hapo ndipo penye kikwazo, maana si rahisi kuipata, hasa vijijini. Hata hivyo, mgonjwa wa kisukari ningemshauri aiulizie dekstrozi kwanza, kwa kuwa steroidi yaweza kumpandisha sukari.

Misuli ya gumba ikianza kusinyaa, amwone daktari wa upasuaji haraka.