Picha za familia bila ya mtoto kulia: uzoefu wangu

Mama mkwe wangu anakaa Wete, na safari za kuja Unguja kwake si nyingi. Miguu inamuuma na boti humchafua moyo. Basi alipokuja safari hii kwa matibabu ya macho, niliweka nia kwamba harudi Pemba mpaka apigwe picha na wajukuu zake watatu. Mkubwa ni wa kike, ana miaka saba. Wa kati ni wa kiume, minne. Mdogo ana mwaka na miezi minne, na hatoki mgongoni kwangu.

Niliogopa, nasema kweli. Mwaka jana tulijaribu siku ya Idd mosi. Tulimwita mpiga picha, tukakubaliana tukutane pwani saa kumi na moja jioni. Tunafika, bahari imejaa mpaka ukutani, tukabanana kwenye kipande cha mchanga kisichotosha hata mkeka. Watoto wana mkono wao wa Idd mfukoni na roho zao zote ziko Mnazi Mmoja kwenye sikukuu, wenzao wanapanda bembea, wao wamepangwa mstari na viatu vipya vinavyowabana. Mpiga picha anasema "cheka", baba yao anasema "cheka", na mimi nasema "cheka". Wa kati akaanza kulia, mdogo akampokea. Nikamkaripia mkubwa, mtoto asiye na kosa, tena siku ya Idd. Picha zile ninazo kwenye simu na sipendi kuzifungua.

Mara hii wifi yangu alinielekeza kwa dada mmoja wa Fuoni ambaye kazi yake hasa ni picha za watoto na familia. Alitutoza shilingi 150,000 kwa saa moja na nusu na picha 40, nusu tukalipa mwanzo. Kwa watu wa kipato chetu hiyo ni pesa ya kukaa na kufikiri, na tulikaa tukafikiri. Kilichonifanya nikubali ni maswali yake ya kwenye simu. Kabla hata ya kuzungumzia bei aliniuliza: mdogo analala saa ngapi mchana? Akiamka huchukua muda gani mpaka achangamke? Wa kati anapenda mchezo gani? Kuna kitu hakimtoki mkononi? Bibi yao huwa anafanya nini nao nyumbani? Habari ya nguo hakuigusa mpaka mwisho.

Siku ya kupigwa picha aliichagua yeye, na hapa ndipo nilipoelewa kosa letu la mwaka jana. Idd mosi ya kumaliza Ramadhani ni mwezi mwandamo, na mwezi ukiandama ni bamvua, yaani bahari hujaa na kutoka kuliko kawaida. Kwetu Unguja siku za bamvua maji hujaa alasiri, saa kumi hivi mpaka karibu na kumi na moja, kwa hiyo tulijipeleka pwani wakati ule ule ambao pwani haipo. Yeye alitupangia siku mwezi ukiwa nusu, wakati wa maji mafu, yaani bahari haijai wala haitoki sana. Siku hizo alasiri ndiyo maji yametoka, wala bahari haina haraka ya kurudi, na mtoto anapata mchanga wa kukimbilia. Baba yangu amevua miaka mingi. Nilipomwambia tarehe alihesabu kwa vidole akasema, "Huyo binti kafunzwa na mtu." Mimi nimezaliwa na mvuvi na sikuwahi kulifikiria jambo hilo.

Siku moja kabla alikuja nyumbani. Aliwaamkia wazee, akakaa uwani akanywa chai na boflo, kamera imo ndani ya mkoba. Mwanangu mdogo yuko kwenye ule umri wa kuogopa sura ngeni, akimwona mtu asiyemjua hujificha kwangu. Dada huyu hakumnyanyua wala hakumwita. Alizungumza na sisi tu, na baada ya nusu saa mtoto mwenyewe akatambaa kwenda kuupekua mkoba. Ndipo alipoitoa kamera, akamvisha mkubwa mkanda shingoni na kumwachia ampige yeye picha. Watoto wote wakataka zamu. Kesho yake ile kamera haikuwa kitu kigeni tena.

Habari ya nguo: alituomba tusivae nyeupe sote. Kanzu nyeupe ikipigwa na jua humeta, na kamera ikijaribu kuipunguza ukali, nyuso zetu ndizo zinazoingia giza. Akasema watoto wavae nguo walizokwisha kuzizoea, hata kama si mpya, na viatu tuviache nyumbani. Na ubuyu usiguswe na mtu siku hiyo! Wenye watoto mnajua rangi ile ikishika nguo, na ikishika midomo, inavyokuwa.

Tulianza nyumbani saa tisa na nusu, mdogo ameshalala na kuamka, wote wameshakula. Alitusogeza chini ya mwembe, penye kivuli, kwa sababu mtoto akielekezwa juani hukunja uso na wewe ukadhani amenuna. Hakumpanga mtu. Alimwambia mama mkwe, "Bibi, we endelea na kazi yako." Mama mkwe akakaa kwenye jamvi na kuanza kusuka ukili, ule utepe wa miyaa, majani ya ukindu, unaoshonewa mikeka. Macho yake hayaoni vizuri lakini mikono inajua njia. Mkubwa akaketi ubavuni kujifunza, wa kati akawa anahesabu miyaa kwa makosa, mdogo anaivuta na kuitia mdomoni. Dada alilala kifudifudi chini, kamera iko usawa wa macho ya watoto, na kwa dakika kama ishirini nilisahau kama tunapigwa picha.

Sharti lake lilikuwa moja, na lilikuwa letu sisi wakubwa: mtu asimwite mtoto jina wala asimwambie acheke. Mume wangu lilimshinda mara mbili za mwanzo. Akatumwa akachume ndimu, aliporudi alikuwa ametulia.

Kisha tukaingia garini kwenda pwani ya Bububu. Huko watoto walicheza tu. Wa kati alifukuza vikaa mpaka akachoka, mkubwa akaokota simbi, na dada yuko mbali nyuma yao na lenzi ndefu. Jua lilipokuwa linashuka wa kati alichachamaa, akajitupa mchangani kwa sababu kaa wake ameingia shimoni. Moyo wangu ulikwenda mbio, nikaiona Idd ile inarudi. Yule dada akaiweka kamera chini, akakaa kitako, akatoa machungwa kwenye mkoba akaanza kumenya. Hakuna aliyembembeleza mtoto kwa ahadi wala kumtisha. Baada ya dakika kama kumi alikuja mwenyewe kutaka chungwa. Muda ule dada hakuuhesabu kwenye saa yetu.

Sasa niseme na yale ambayo hayakunipendeza. Aliahidi picha baada ya wiki, zikaja baada ya siku 18, na mara mbili nilipiga simu mimi. Pia zilipokuja, nyuso zilikuwa zimeng'arishwa. Mkubwa wangu ana weusi wa baba yake, weusi mzuri, na kwenye zile picha alikuwa mweupe kuliko mimi. Liliniuma kuliko kuchelewa. Nilimwambia sitaki mtoto wangu akue akitazama picha inayomwambia rangi yake ilihitaji kusahihishwa. Hakubisha, akazirudisha kama zilivyopigwa, siku mbili tu. Mkimwita, mwambieni mapema.

Aliomba pia ruhusa ya kuweka picha za watoto kwenye Instagram yake ili wateja wazione. Tulikataa, na hakubadilika uso wala bei. Nimewahi kusikia mama analalamika kwamba sura ya mwanawe imetumika kwenye tangazo naye hana habari, kwa hiyo ulizeni jambo hili kabla ya kulipa chochote, na makubaliano yawe kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha.

Kati ya picha 40, tulizosafisha ni mbili. Fundi wa fremu nilimwambia aweke ukingo wa karatasi nene baina ya picha na kioo, kwa sababu kwa unyevu wetu huu wa baharini picha ikilala juu ya kioo hugandana nacho, na ukitaka kuitoa inachanika. Picha ya mama ya harusi iliharibika hivyo.

Moja ni ya wale watatu na babu yao, yaani baba yangu, pwani, iko ukumbini kwetu. Ya pili ni ile ya ukili. Mdogo amepitiwa na usingizi mapajani kwa bibi yake, uzi mmoja wa mwaa bado kaushika, na mama mkwe hatazami kamera, anamtazama yeye. Nimeifunga ndani ya khanga mbili nikamkabidhi shemeji aliyekuwa anapanda boti kwenda Pemba. Jana mama mkwe alipiga simu. Ameshapasuliwa jicho moja na anaona vizuri. Anasema ameitundika mkabala na kitanda, na anataka kujua mjukuu wake mkubwa ameufikisha wapi ule ukili.