Uzoefu wangu na Crazy for the Storm, kitabu cha Norman Ollestad kuhusu baba yake

Kama unalea mtoto wa kiume na umewahi kujiuliza umkaze kiasi gani, kitafute kitabu hiki. Nimekimaliza, nikarudia sura kadhaa, na hadi leo kinanizunguka kichwani.

Ni kumbukumbu za kweli, zilizochapishwa mwaka 2009. Februari 1979 Norman Ollestad alikuwa na miaka 11. Alikuwa ametoka kushinda mashindano ya kuteleza kwenye theluji kusini mwa California, na asubuhi iliyofuata walipanda ndege ndogo ya kukodi aina ya Cessna kwenda kuchukua kombe lake. Ndani walikuwa wanne: rubani, baba, mpenzi wa baba, na yeye. Ndege ikazama mawinguni, ikaigonga milima ya San Gabriel kwenye mwinuko wa futi 8,600 hivi. Hiyo ni zaidi ya mita 2,600, wakati sisi hapa Dodoma tupo kwenye mita 1,100 na ushee. Rubani na baba walifariki. Yule mwanamke alinusurika akiwa ameumia, akaanza kushuka na mtoto, akateleza kwenye barafu, naye akafa. Mtoto akafika chini peke yake, zikiwa zimepita takribani saa tisa tangu ajali itokee.

Sijakuharibia kitabu. Mwandishi anakueleza ajali tangu kurasa za mwanzo, kisha anakwenda kwa kupokezana: sura moja uko mlimani, inayofuata uko ufukweni Topanga, California, au njiani Mexico, unamwona baba akimkomaza mwanawe. Mpangilio huo ndio ulionishika. Kila unachokiona mlimani kina chanzo chake nyuma. Mtoto anajua kusoma mteremko, anajua mguu uende wapi barafu inapokuwa ngumu, anajua kutolia hadi kazi iishe. Aliyajua kwa sababu baba alikuwa amempeleka kwenye theluji mbaya mara nyingi mno, hata siku alizotaka kubaki na watoto wenzake.

Kuna picha ya baba huyo akiwa juu ya ubao wa kuteleza kwenye mawimbi, mtoto wa mwaka mmoja yuko mgongoni, kafungwa kama mama wa huku anavyombeba mwanawe kwa mbeleko. Niliitazama kwa muda mrefu. Sehemu yangu moja ilitaka kumkemea. Nyingine ilimwonea wivu yule mtoto.

Mimi nimekulia Ugogoni, kwa wazee waliokuwa wakizitaja njaa kwa majina yake. Ile ya Mtunya, iliyoikumba nchi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na miaka iliyofuata, babu aliisimulia kama ameiona kwa macho yake. Kwa hiyo baba kwetu hakuwa na mzaha. Mtoto alitangulia na ng'ombe kabla ya jua, na akirudi na ndama pungufu haulizwi amekula nini. Nilipokuwa mkubwa nilijiwekea nia kwamba wanangu hawatapita huko. Kitabu hiki kimenifanya niifikirie upya nia hiyo, na nasema hivyo nikimheshimu sana mzee wangu.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba mwandishi anaweka wanaume wawili mbele yako. Yupo baba, aliyewahi kuwa ofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, mtu wa bahari na theluji. Yupo pia mpenzi wa mama, mlevi, anayempiga mama na kumwambia mtoto kwamba hatafika popote. Wote wawili wanamkaza mtoto. Lakini baba akisema tuingie kwenye wimbi, yeye mwenyewe yumo majini. Mkono wake uko karibu, na wimbi likiwapiga linawapiga wote. Yule mwingine anakaa kwenye kiti na kuhukumu. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu malezi, kanisani na kwenye vikao vya wazazi shuleni. Hakuna lililonionyesha tofauti hiyo waziwazi namna hii, na Ollestad wala hahubiri. Anasimulia tu.

Wala hamfanyi baba yake malaika. Safari ya Mexico, ya kuwapelekea babu na bibi mashine ya kufulia kule Puerto Vallarta, ina mahali ambapo nilikasirika kabisa: unampitishaje mtoto kwenye hatari ya watu wenye silaha? Mwandishi, ambaye sasa naye ni baba, anaacha hasira hiyo ikae pale. Hamsafishi mzee.

Sehemu kubwa niliisoma kwenye treni ya SGR nikirudi kutoka Dar. Tulipokaribia Igandu nilikifunga. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa kwa nini: Juni 24, 2002, kati ya Igandu na Msagali, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko, ikagongana na ya mizigo, wakafa watu 281. Mtaani kwetu kuna waliompoteza baba siku ile, na wapo waliotoka hai wakiwa watoto. Habari zao tunazisikia msibani, kwa vipande. Natamani sana mmoja wao akae chini aandike kama Ollestad alivyoandika: siku ile, na pia baba alikuwa mtu wa namna gani kabla ya siku ile.

Mapungufu yapo. Sura za mawimbi ni ndefu, na kwa sisi tuliokulia mbali na bahari zinachosha. Mbili tatu nilizipitia harakaharaka. Mazungumzo nayo yameandikwa neno kwa neno, ilhali yalitokea miaka 30 kabla ya kitabu. Najua ndivyo kumbukumbu nyingi zinavyoandikwa, ila kuna mahali niliona mtoto wa miaka 11 anaongea kama mtu mzima.

Kiingereza chake ni chepesi. Aliyemaliza kidato cha nne akiwa na mazoea ya kusoma atakimudu, isipokuwa maneno ya michezo ya theluji, ambayo mimi niliyaelewa baada ya kutazama video kadhaa. Usimpe mtoto wa shule ya msingi: kuna ulevi, kipigo cha nyumbani, lugha chafu, na maiti zinaelezwa bila kufichwa. Wa sekondari soma pamoja naye, hasa zile sura za mlimani. Mwanangu mkubwa tulizisoma hivyo, jioni, kwa sauti, na maswali aliyoniuliza kuhusu babu yake hakuwahi kuniuliza kabla.