Betri ya Lithiamu ya Volti 12, Ampea-saa 100: Inaifaa Nyumba ya Lamu?

Assalamu alaikum watazamaji. Leo mezani pana betri ya lithiamu, na naanza na swali la barazani: haitalipuka kama ya simu? Siyo lithiamu ile. Betri nyingi za simu zina kobalti. Hii ni ya chuma na fosfeti, huandikwa LiFePO4, aina iliyotoka kwenye maabara ya John Goodenough kule Texas miaka ya 1990. Ikipata joto kali haiachii oksijeni kirahisi, kwa hiyo kushika moto ni kazi. Sikusema haiwezekani. Na ile betri ya maji, yaani ya asidi, iliyo chini ya kitanda inatoa haidrojeni kila inapochajiwa, mbona hiyo hatuiogopi?

Tazameni mizani: kilo 11 na kitu. Ya asidi ya ukubwa huu ni kilo 25 hadi 30, na anayeipandisha ngazi za nyumba za mtaa wa Mkomani hapa Lamu anaijua tofauti. Ukiuziwa iliyoandikwa 100Ah nayo ina kilo sita, umepunjwa. Ukitaka uhakika zaidi, ijaze, kisha washa vifaa vinavyokula jumla ya wati 120 moja kwa moja kwenye betri. Iende saa kumi na kidogo. Ikizimika saa ya sita, rudisha dukani.

Sasa hesabu. Taa tano za wati 9 kwa saa tano, feni ya wati 50 kwa saa nane, televisheni ya wati 60 kwa saa nne: wati-saa 865. Ongeza zinazopotea kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, unakaribia 1,000. Betri hii ina 1,280, inatosha. Ya asidi ina 1,200 kwa jina tu, maana ukivuka nusu kila usiku unaiua mapema. Kuirudishia umeme huo mchana, paneli ya wati 300 na kontrola ya ampea 30, ile inayodhibiti chaji kutoka paneli kwenda kwenye betri.

Hapo kwenye kontrola ndipo watu wanapoharibu. Wanatoa betri ya zamani, wanaweka mpya, mpangilio hawaugusi. Kontrola ya betri ya maji mara kwa mara hupandisha volti hadi 15 hivi. Saketi ya ulinzi iliyomo ndani ya lithiamu inaona hatari, inakata. Betri ikikatika jua likiwa kali, kontrola za bei rahisi zinaachia volti za paneli, 18 au zaidi, ziende moja kwa moja kwenye taa zako. Taa zinaungua, lawama anabebeshwa fundi. Kwenye mpangilio wa kontrola chagua LiFePO4, kama haipo, weka mwenyewe volti 14.4 za kujaza na uzime hatua ya kusawazisha, ile inayopandisha volti hadi 15. Na usiiunge sambamba na betri kuukuu ya asidi, hata kwa muda.

Vitaa vya kontrola vinavyoonyesha betri imejaa, visahau. Kutoka asilimia 80 hadi 30 volti inashuka kama 0.3 tu, havina la kukwambia. Nunua mita ya shanti, ile inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Waya wa inveta ya wati 1,000: shaba ya milimita mraba 25, usizidi mita moja na nusu, na fyuzi ya ampea 125 karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Chumvi ya hapa Lamu haina huruma. Taminali ikiota ukijani, ukinzani unapanda, inachemka, plastiki inayeyuka. Kaza kwanza, ndipo upake grisi juu. Ukipaka kabla, umeweka grisi katikati ya shaba na shaba. Betri yenyewe ikae ndani, juu ya rafu ya mbao, mbali na ukuta wenye unyevu. Usiipeleke juu chini ya mabati, joto la kule linaila miaka.

Wenye pampu ya maji, angalieni: saketi ya hii inaruhusu ampea 100, yaani wati 1,280, na mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya wati zake. Pampu ya wati 750 inaweza kuizima.

Na wenye boti wanaouliza kama itawasha injini: hapana. Stata inavuta kuliko saketi inavyokubali, na injini nyingi ndogo huchaji kwa volti zisizotulia. Kwa taa za kuvulia usiku, sawa, ikiwa ndani ya sanduku lisiloingia maji.