Apu ya kamusi iliyonitia hasara ya fulana, naipa nyota 2 kati ya 5

Naandika hii kwa wenzangu wa steshenari na yeyote anayeitegemea kamusi ya kwenye simu kama nilivyokuwa naitegemea mimi. Jina la apu silitaji maana ziko nyingi na zinafanana. Nimekaa nayo kama mwaka na nusu, na mwanzo niliipenda kweli, ni nyepesi, inafanya kazi hata bando likiisha, na kwenye tahajia imenisaidia mno maana kuna wateja wanaleta kadi imeandikwa "mwariko" na wanakaza kwamba ndo sahihi.

Sasa mwezi uliopita akaja kaka mmoja hapa Ngamiani, mdogo wake alikuwa na kesi ya wizi wa pikipiki na mahakama imemwona hana hatia, wanataka fulana 20 za kumpokea nyumbani. Kwenye karatasi kaandika INNOCENT herufi kubwa, akaniambia dada nitafutie Kiswahili chake, neno moja tu likae kifuani, sitaki sentensi. Mimi mtu wa Moshi, kwetu Innocent ni jina la watu, nina binamu wawili wanaitwa hivyo na mmoja wala halimfai, lakini sikuwahi kujiuliza kwa Kiswahili tungemwitaje. Nikafungua apu ikanipa "maasumu". Neno tupu, mfano wa sentensi hamna, linatumika wapi hamna. Nikaliona fupi, lina uzito, nikapiga KARIBU NYUMBANI MAASUMU wino mwekundu kwenye fulana nyeupe, zote 20, nne kati yake za watoto.

Aliyekuja kuchukua ni baba yao. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakunjua moja, akavaa miwani, akasoma kimya, akasoma tena, halafu akacheka mpaka akatafuta benchi akakaa. "Mwanangu, umeshamfanya mtume huyu?"

Ndo akanielewesha. Maasumu limetoka kwenye Kiarabu, ni mtu aliyekingwa na dhambi kabisa. Waislamu wanalitumia kwa mitume, na Mashia wana maasumu wao 14, yaani Mtume Muhammad, Bi Fatuma na maimamu 12. Nje ya hapo utalisikia kwa kitoto kichanga, kikifa watu wanasema kimeondoka maasumu. Sasa kijana wake ana miaka 30 na kitu. "Pikipiki hakuiba, hilo nalijua, lakini kuku wangu watatu wa Idi alikula yeye na wenzake, leo nimvalie fulana ya maasumu nipite nayo mbele ya msikiti?"

Hapo ndo nikaelewa kosa liko wapi. Hatia ni ya jambo moja. Hata Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji mpaka ithibitike ana hatia ya kosa hilo, hilo hilo la kwenye shtaka, haigusi kuku wa mtu. Maasumu ni maisha mazima. Apu imeyaweka yote kwenye kapu moja. Na Kiswahili kina njia zake, sema nyingi si neno moja, ni mpaka uunge: asiye na hatia, asiye na kosa, asiyelaumika. Sisi tunaosoma Biblia tunayo, Yuda anajuta kwenye Mathayo 27 kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia, na barua ya kwanza kwa Timotheo inataka askofu awe mtu asiyelaumika. Hata wale watoto waliouawa na Herode, ambao Wazungu wanawaita kwa hilo hilo neno la innocent, sisi Wakatoliki tarehe 28 Desemba tunawaita Watoto Mashahidi. Hivi vyote apu haina.

Halafu kali kuliko zote, kuna kitufe cha umoja na wingi. Nikabonyeza kwenye maasumu baada ya yale yote, ikaniambia umoja wake ni "asumu"! Imeona ma- pale mbele ikadhani ni kama maembe. Jamani, mtoto asumu, si atakimbiwa huyo. Neno halibadiliki, mtoto maasumu, watoto maasumu, basi.

Matangazo nayo siku hizi yamezidi, unatafuta neno unaletewa mkopo. Nimewaandikia wenyewe mara mbili, kimya.

Nyota moja ni ya tahajia, ya pili kwa sababu haili bando. Kwa maana ya maneno nimerudi kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya karatasi, imechanika jalada ila ipo kaunta.

Fulana za wakubwa nilizipiga upya HANA HATIA, hasara tukagawana na yule kaka. Zile nne za watoto mzee akazichukua zilivyo, akasema hizo hazina kosa.