Kabureta ya Land Rover ya Zamani: Ipi Inunuliwe Tabora na Kigoma

Mwenye Land Rover ya Series II au Series III yenye injini ya petroli ya lita 2.25 huanza kuulizia kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, gari linapokunywa mafuta kupita kiasi na kutoa moshi mweusi. Kabla ya kuagiza chochote kutoka Kariakoo au Gerezani, akague kwanza plagi, taimingi (wakati wa kutoa cheche) na chujio la hewa, kwa sababu kasoro ya kimojawapo huleta dalili zilezile.

Nafasi ya kwanza ninaipa Zenith 36IV, ambayo ndiyo iliyofungwa kiwandani kwenye mengi ya magari haya tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na ninaipa hata ikiwa imechoka. Ugonjwa wake unajulikana: uso unaokutanisha kifuniko na sehemu ya chini hupinda, na pete ndogo ya mpira iliyo ndani hukakamaa, hivyo petroli hupenya bila kupimwa na jeti, yaani kipande chenye tundu dogo la kupitishia mafuta. Fundi makini hulaza msasa laini juu ya kioo bapa, akausugua uso huo taratibu mpaka rula ikisimamishwa juu yake isipitishe mwanga, kisha akafunga gasketi na pete mpya. Kazi hiyo ni nafuu kuliko kabureta yoyote mpya. Hata hivyo, ukishika kwa vidole mhimili wa kipepeo (kile kibamba kinachofungua na kufunga njia ya hewa) na mhimili huo ukalegea huku na huku, usitumie fedha kuitengeneza kabureta hiyo, kwa sababu hewa itaendelea kuingia pembeni.

Hapo ndipo Weber 34 ICH inapostahili. Ina vipande vichache, hurekebishwa kwa urahisi na haili mafuta sana, ingawa injini ikizungushwa kwa kasi nguvu hupungua kidogo, jambo ambalo dereva anayepandisha mzigo kutoka ziwani Kigoma atalihisi. Muulize muuzaji kama inakuja na kiunganishi cha bomba la hewa, na uchunguze namba za jeti, kwani nakala bandia mara nyingi huwa na uso wenye chembechembe na jeti zisizo na namba.

Namba hizo zina maana. Jeti kuu ya Weber yenye namba 130 ina tundu la milimita 1.30. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam. Kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa pwani humimina mafuta mengi mno, na mara nyingi jeti ndogo kwa hatua moja hutosha. Kigoma mjini, karibu na ziwa, tofauti hiyo ni ndogo kuliko ya Tabora. Plagi ndiyo shahidi: rangi ya kahawia hafifu ni njema, masizi meusi makavu ni mafuta kuzidi, na weupe ni mafuta kupungua, hali inayoweza kuunguza vali.

Weber 32/36 yenye njia mbili ninaiweka ya tatu. Inaongeza nguvu, lakini inahitaji bamba la kuunganishia na fimbo mpya za kuiunganisha na kanyagio la mafuta, gharama isiyo na faida kwa gari la kazi. Nakala zisizo na jina na kabureta za mtumba zisizojaribiwa kwenye injini ziwe za mwisho kabisa.

Yoyote utakayochagua, funga chujio la petroli kabla yake, na ubadilishe oili ya chujio la hewa mara kwa mara wakati wa kiangazi, hasa kwenye barabara za vumbi.