Ekografi na biopsi ya titi hapa Bukavu: nilivyohudumiwa

Nimefanyiwa ekografi ya matiti (picha ya mawimbi ya sauti) na biopsi ya sindano (kutoa vipande vidogo vya nyama vikapimwe) kwenye kliniki moja ya binafsi huku Ibanda. Nasema mapema: kazi ya daktari naisifu sana, dirisha la majibu silisifu hata kidogo. Naandika kwa ajili ya kila dada na mama wa Bukavu aliyegusa kivimbe akakaa nacho kimya kwa hofu.

Mimi nina miaka ishirini na kitu. Kivimbe kilikuwa titi la kushoto, kigumu kiasi, hakiumi, ukikibonyeza kinateleza chini ya kidole. Daktari alichagua ekografi badala ya mamografi, ile picha ya eksirei ya titi, na akanipa sababu: titi la msichana limejaa tishu nzito, kwenye mamografi sehemu kubwa hutoka nyeupe na kivimbe hujificha humo. Kisha akanigeuzia skrini. Hapo nikamwamini. Wengi hupima wamenyamaza, nawe umelala unawasoma usoni.

Alianzia titi la kulia, ambalo mimi sikulidhania. Kulikuwa na duara jeusi ti, ukingo wake laini, na nyuma yake weupe unaong'aa. "Hii ni kisti, mama. Ni kifuko cha maji tu, hakina nyama ndani. Kama hakikuumizi, tunakiacha." Kushoto mambo yalikuwa mengine: umbo la yai lililolala, la kijivu, maana yake ndani mna nyama. Sehemu ndogo ya ukingo haikusomeka vizuri, ndiyo maana akaandika ACR 4A, namba inayoonyesha kiwango cha shaka ya kansa.

Hiyo namba ya ACR ieleweke, maana watu huisoma kama hukumu. 1 ni titi lisilo na kitu. 2 ni kitu kisicho na hatari, kama kile kisti changu. 3 uwezekano wa kansa hauzidi asilimia 2, unarudi kupimwa baada ya miezi 6. 4 inataka biopsi, na herufi A, B, C zinaonyesha shaka inavyopanda. Kwenye A bado haizidi asilimia 10. 5 ndiyo yenye asilimia 95 kwenda juu.

Biopsi yenyewe ni ndogo kuliko jina lake. Ganzi, sindano inayoongozwa na ekografi, mlio mkavu, halafu vipande vyembamba vya nyama vinatumbukizwa kwenye formoli, dawa ya kuhifadhi nyama, kwenda kwa mtaalamu wa patholojia, yule anayezisoma seli kwa darubini. Umeme ulikatika katikati. Jenereta ikawashwa na kazi ikaendelea. Titi liliuma kidogo usiku, basi.

Dirisha la majibu ndilo lililoniudhi. Unapewa karatasi ya Kifaransa imekunjwa, mtu wa nyuma yako anaitwa. Mama mmoja pale mstarini alikuwa analia kwa sababu karatasi yake ilisema "tumeur" na "léiomyome". Ile ni mioma, ile ile tunayoiita fibroma ya mfuko wa uzazi. Wanawake wengi sana wanayo, na si kansa. Hakuna aliyemwambia. Nilimshika mkono tukaingia wote kwa daktari, naye, Mungu ambariki, akatueleza pamoja.

Alisema "tumeur" ni uvimbe tu. Haijasema kama ni mwema au mbaya. Jina hufuata tishu ulikotoka: lipoma ni mafuta, mioma ni msuli, fibroadenoma ni tezi na nyuzi za titi. Hizi hukua mahali pake bila kuvamia jirani. Mbaya huvamia, kisha hutuma seli zake mbali kwa njia ya damu na limfu. Karsinoma, ambayo ndiyo nyingi zaidi, huanzia kwenye ngozi, tezi na utando wa viungo. Sarkoma kwenye mfupa, msuli au mafuta. Kwa hiyo usitegemee ule mwisho wa "oma". Melanoma, ya seli za rangi ya ngozi, ni kansa. Limfoma, ya seli za kinga za mwili, ni kansa, kama ile ya Burkitt inayovimbisha taya za watoto, ambayo daktari mpasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Na uvimbe mwema nao si wa kudharau popote ulipo: ndani ya fuvu unaweza kuubana ubongo.

Jambo jingine alilosisitiza ni kutochanganya gredi na hatua. Gredi inasema seli zimeharibika kiasi gani zikitazamwa kwa darubini. Hatua inasema ugonjwa umefika wapi mwilini. Gredi 3 si hatua ya 3, na mtu anaweza kuuza shamba la ukoo kwa kuchanganya hayo mawili.

Yangu ilitoka fibroadenoma. Haikatwi, narudi ekografi baada ya miezi 6, ikikua itatolewa.

Mkienda, ulizeni bei kabla ya kuvua nguo, kwa sababu haijabandikwa popote, na biopsi na usomaji wa patholojia vinalipwa mbalimbali. Ombeni pia namba ya bloku iandikwe kwenye karatasi. Bloku ni kile kipande cha parafini, yaani nta, ambamo nyama yako imehifadhiwa maabara. Daktari mwingine akitaka kusoma upya, anaiomba hiyo, nawe hutobolewi tena.