Bunduki ya CZ 457 baada ya mwaka mmoja: nusura ninunue mtutu mpya bure

Karibuni tena ndugu zangu, leo tuko renji, uwanja wa kulenga shabaha, kwa hiyo mkisikia mlio ni jamaa wa mstari wa pili wanafanya yao, msishtuke. Kabla ya yote angalieni mezani hapa: bolti, kile chuma cha kusukumia risasi ndani, iko nje, magazini ya risasi iko nje, chemba, pale risasi inapokaa, namulika na tochi, tupu, mmeona. Na afande wa renji yuko pale nyuma yangu, akisema simama tunasimama, na anasema kwa Kiswahili, maana huku kwetu Uganda hata yule ambaye sokoni anajifanya hajui Kiswahili, akifika penye bunduki anakielewa chap chap, bana.

Sasa hii ni CZ 457, ile ya Varmint yenye mtutu mnene, kaliba .22 LR, zile risasi ndogo, inatengenezwa Uherský Brod kule Ucheki. Ilitoka 2019 ikachukua nafasi ya CZ 455, na tofauti utakayoisikia kwanza ni mkono wa bolti, ile ya zamani ulikua unainua digrii 90, hii 60 tu, kwa hiyo hata ukiweka darubini nene na ikakaa chini, vidole havigongi. Magazini inabeba 5. Nimekaa nayo mwaka na swali ni lile lile, ssebo inafaa? Inafaa. Ila leo sikuja kuisifia, nataka niwasimulie ilivonitesa.

Miezi ya kwanza nilikua napiga 5 kwa mita 50, matundu yote nafunika na sarafu ya mia tano, nafurahi, napiga picha, natuma kwa kila mtu. Ikaja Oktoba na mvua zake, matundu yakatawanyika kama kuku waliomwagiwa maji. Sentimita 6, mara 7, mara risasi moja iko peke yake huko kona kama haijui wenzake wako wapi. Na kitu cha kwanza nilichowaza ni kile mnachowaza nyote saa hii, mtutu umekwisha. Kwa hii 457 kishawishi ni kikubwa kwa sababu mtutu unashikwa na skrubu mbili tu, spana ya eli moja na umeutoa. Lakini mtutu wa .22 haufi hivo jamani, risasi yake ni risasi kweli, yale madini laini, tena inatembea polepole, unahitaji maelfu kwa maelfu ya risasi ndo uanze kuulalamikia. Alafu mtutu huuagizi kama viatu, sheria ya silaha ya 1970 iko pale pale, chochote kinachogusa mtutu au resiva, ile bodi ya chuma inayobeba bolti, unaanzia polisi na unaishia kwa fundi mwenye leseni, si kwa kijana wa Katwe, kule kwa mafundi vyuma wa Kampala, hata awe bingwa wa kuchomelea namna gani.

Kosa langu la kwanza lilikua hasira. Nilirudi nyumbani nikausugua mtutu mpaka ukang'aa kama sufuria ya harusi, kesho yake ikapiga vibaya zaidi! Kumbe risasi za .22 zina nta au mafuta juu yake, na mtutu unapiga vizuri ukishapakwa ile nta ndani. Ukiusafisha mpaka mwisho inabidi upige 10, mara nyingine 20, ndo utulie. Kwa hiyo safisha kwa kiasi, ingiza ufito wa kusafishia kutokea nyuma upande wa chemba, usiingizie mbele, ile midomo ya mtutu ukiikwaruza ndo umeharibu kitu cha kweli sasa.

Basi nikatulia nikaanza kusoma karatasi. Karatasi inasema, nyinyi hamsikilizi tu. Matundu yakipanda na kushuka kwa mstari mmoja, shuku risasi zenyewe, mwendo wake haulingani, au skrubu zinazoshika bunduki kwenye mbao. Yakienda kulia na kushoto, ni upepo au ni kidole chako. Yakihama polepole upande mmoja kadri mtutu unavopata moto, kuna mahali mtutu unagusana na mbao. Na yakiruka ovyo bila mpango wowote, nenda kwenye darubini. Na tafadhali pigeni 5, si 3, kikundi, yaani matundu ya mkupuo mmoja, cha 3 ni kikundi cha kujidanganya, kila mtu ana picha ya matundu matatu mazuri kwenye simu yake.

Yangu yalikua yanaruka na pia yanahama, yaani magonjwa mawili kwa mgonjwa mmoja, ndo maana nilichanganyikiwa.

Nikaanza na darubini. Ukiishika na kuitikisa ilikua ngumu kabisa, ungeapa iko sawa, lakini kufungua kofia ya ringi ya mbele inayoshika darubini nikakuta skrubu moja imekaa tu kama mgeni aliyekuja kunywa chai. Aliyenifungia simtaji, na mimi pia sikukagua. Skrubu hizi ndogo zinataka kama nyutoni mita 2 hivi, na msiende Kisekka, soko la spea za magari, kuazima toki renchi, ile spana ya kupima nguvu ya kukaza, ile inaanzia huko juu, utakata kichwa cha skrubu ulie. Tafuta ile ndogo ya mafundi wa bunduki au ya baiskeli. Nikaweka tone la ile gundi ya buluu ya kuzuia skrubu kulegea, nikakaza kidogo kidogo kwa kupokezana. Alafu nikaipima darubini yenyewe: unalenga alama moja tu muda wote, unapiga, unapandisha darubini kliki 20 kwa kitufe chake, unapiga, kulia 20, unapiga, unashuka, unapiga, unarudi kushoto, unapiga, ya mwisho inatakiwa iingie tundu la kwanza. Ikaingia. Kwa hiyo darubini nzima, ugonjwa wa kwanza umepona, kikundi kikarudi sentimita 4.

Lakini 4 bado ni aibu kwa mtutu mnene.

Sasa hapa ndo utamu. Chukua noti ya elfu moja, ile tu, pitisha kati ya mtutu na mbao kutoka mbele ukivuta kurudi nyuma. Ilitakiwa iteleze mpaka karibu na resiva. Yangu ikakwama hapa, mnaona, upande wa kulia karibu na ncha ya mbao. Nikacheka peke yangu, banange! Mimi naishi huku njia ya Entebbe, ziwa liko pua na mdomo, mvua za Septemba mpaka Novemba kila kitu ndani ya nyumba kinavimba, mlango wa choo haufungi, nikadhani mbao ya bunduki ni mtakatifu? Na nilikua naiacha ndani ya begi lake lenye sponji, tena begi limelowa, ndani ya kabati la chuma. Mtutu ukipiga unatetemeka, ukiwa huru unatetemeka vile vile kila mara, ukiwa unaegemea mbao kila mlio ni habari mpya.

Dawa: skrubu mbili za chini, bunduki inatoka kwenye mbao, msasa umezungushwa kwenye kijiti cha duara, nikakwangua kidogo kidogo mpaka noti ikapita ikiwa imekunjwa mara mbili. Pale palipobaki peupe nikapaka vanishi niliyonunua Ndeeba, maana mbao ikiachwa wazi itakunywa maji tena. Kurudisha nikakaza ya mbele kwanza kama nyutoni mita 2 na nusu alafu ya nyuma, nikaandika namba kwa kalamu ndani ya kifuniko cha boksi. Begi lenye sponji siku hizi ni la kusafiria tu.

Kuhusu risasi sitakaa sana. Nilikua nachanganya maboksi ya loti tofauti, yaani ya mikupuo tofauti ya kiwandani, kwenye kikundi kimoja, ujinga. Na zile za kasi, za mita 380 kwa sekunde, zinavuka mwendo wa sauti alafu zinarudi chini yake zikiwa njiani, zinayumba, kwa shabaha chukua zile za mita 325 hivi zisizovuka kabisa.

Sasa mapambo, yaani vitu vya ziada. Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni kipande cha sponji na bandeji juu ya kitako, shavu likae pale pale kila mara, kwa sababu jicho likihama hata alama ya darubini inahama juu ya shabaha. Cha pili ni kimfuko hiki cha nyuma, jinzi ya mtumba ya soko la Owino, fundi cherehani akashona, ndani mchele, tena mchele mbaya maana mzuri mke wangu alikataa. Trigga nimepunguza uzito kwa skrubu yake ya kiwandani, mpaka pale panaporuhusiwa tu, na ukimaliza gonga kitako chini kwa nguvu ikiwa tupu, ikijifyatua umepitiliza. Reli ya mteremko ya moa 20, ile inayoinamisha darubini kidogo (moa ni kipimo cha pembe)? Kwa mita 50 ni kupoteza pesa, hiyo ni ya wanaopiga mbali.

Haya, bolti inarudi, tunapiga tano... moja... mbili, tatu... nne. Ya tano hii, aa, hiyo nimeivuta, nimeisikia kabisa kwenye kidole. Hebu leta kamera. Nne ziko chini ya sarafu, ya tano iko nje hapa, hiyo ni yangu si ya bunduki. Ngoja nirudie nyingine tano... hapana, afande anasema mstari umefungwa. Bolti nje. Magazini nje. Haya afande, tumesimama.